Mtoto Aliyebaki Shimoni

Mwanangu alikufa upande wa Kakanda, akichimba madini. Udongo ulimwangukia, hawakumtoa. Tukafanya kilio bila maiti, na kilio cha namna hiyo ni kibaya, watu hawajui waondoke lini. Ndipo nikatunga hadithi. Mtoto anashuka shimoni kuomba moto kwa mababu. Mama yuko juu anamwita, naye anaitika, kila mara kwa sauti ndogo zaidi, mpaka haitiki tena. Mtoto hatoki. Hadithi nzima ni hiyo, kwamba hatoki.

Sisi tunaosimulia kwenye vilio hatukuwa tukiandika. Hadithi mpya unaisema mbele ya wafiwa, ndugu yako anaitikia wimbo wa hadithi hiyo, basi ni yako. Anayeitaka atakuja kukuomba. Mimi nilikwenda hadi Kapolowe kumwomba mzee mmoja hadithi yake ya fisi. Alikataa, na sijaisimulia mpaka leo, ingawa, niseme kweli, fisi yule alikuwa anaongea mno.

Siku moja umeme ulirudi, nikasikia hadithi yangu kwenye redio ya jirani. Maneno yangu, wimbo wangu. Lakini mwishoni mtoto akatoka! Vigelegele, kwaya, haleluya. Nikaizima. Jirani akanifokea, maana redio ni yake.

Ilikuwa kazi ya bwana mmoja wa kikundi cha maigizo. Aliwahi kunirekodi kwa simu kwenye kilio cha watu wengine, nami nikadhani anaandika ujumbe. Nikamfuata.

"Papa, bantu banachoka na kulia," akasema. "Miye niliitengeneza muzuri."

"Ulimutosha mutoto wangu inje ya shimo na ruhusa ya nani?"

"Ya Mungu, papa."

Nikaenda kwenye ofisi ya haki za watunzi, pamoja na dada yangu mkubwa, yule aliyeitikia siku ile ya kwanza. Karani akauliza mama huyu ni wa nini.

"Ni ushahidi wangu," nikajibu. Dada, bila kuombwa, akaimba wimbo wote mle ofisini. Karani alingoja amalize, alikuwa na adabu.

"Pole, papa. Hadithi ni ya mwenye kuitunga, hata kama haijaandikishwa. Lakini yule alileta maandishi, iko na cheti. Mukienda korti mbele ya juji, weye iko na nini ya kutangulia ile cheti yake?"

"Iko na huyu."

"Yaya yako huyu atakufa siku moja, papa," akasema, akimwonyesha dada.

"Na weye pia," dada akamwambia, nasi sote tukacheka, hata mimi.

Karani akanifundisha: andika, weka sahihi, leta, baki na nakala. Hadithi zangu nyingine nimeziandika hivyo, polepole, maana shule niliiacha mapema. Ile ya mtoto sikuiandika, nilimngojea dada apone malaria tumshitaki yule bwana. Hakupona.

Mchana wa kilio chake nilisimama kuisimulia. Nilipofika pale mama anapoita, watu wakaitikia ule wimbo wa redio. "Anatoka! Anatoka!" Wakapiga makofi. Nikasema hapana, hatoki. Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, nami nikasikia, "Papa anazeeka, anasahau."

Nikakaa. Wakaimalizia wenyewe.