Kuzima Wimbo kwa Siku Arobaini

Mdogo wangu alikuwa anaimba kwa Kinyaturu, na kazi ya kuufikisha wimbo wake kwa watu ilikuwa yangu. Hakuna aliyenipa kazi hiyo. Yeye hakuwa na subira ya kompyuta, mimi sikuwa na sauti, tukagawana hivyo.

Nilikuwa naendesha mashine ya kukamua alizeti pale kijijini kwetu Mtinko, Singida. Zamani ilikuwa ya chama cha ushirika. Chama kilipolala, mfanyabiashara mmoja akainunua, akabakiza watu wawili kati yetu saba, na mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa nimejifunza kufungua mota na kuifunga tena kwa kusoma kitabu chake. Kompyuta nayo nilijifunza kwa kitabu. Nilikisoma mara mbili kabla sijaigusa kompyuta yenyewe. Shule niliishia darasa la saba.

Wimbo tuliurekodi kwenye stoo ya mashine, Jumapili, injini ikiwa imezimwa. Tulipanga magunia ya mashudu pande tatu za ukuta ili sauti isirudi, nikaning'iniza kipaza sauti kwenye boriti kwa mpira wa baiskeli. Ulikuwa wimbo wa wanawake walio kwenye foleni ya kusaga, kila mmoja akisema alichokiacha nyumbani. Mmoja ameacha mtoto amelala, mmoja ameacha chungu motoni, wa mwisho ameacha mume na hana haraka. Watu wa kwetu wakifika kwa huyo wa mwisho walikuwa wanacheka kabla hajamaliza kusema.

Tuliupeleka kwanza kwa msambazaji wa kanda za muziki Dar es Salaam. Aliusikiliza hadi katikati, akavua spika za masikioni.

"Sauti ipo," alisema. "Lakini mimi siwezi kuuza kitu ambacho dereva wa lori haelewi. Imbeni Kiswahili, mrudi."

Tulipotoka nje mdogo wangu alisema, "Kaka, kosa letu hatukumletea dereva wa lori Mnyaturu." Hakukasirika. Nadhani hakuwa ametegemea sana. Aliyekuwa ameandika barua tatu kabla ya safari ni mimi.

Ilikuwa miaka ile ambayo redio za watu binafsi zilikuwa zimejaa hewani, simu za mkononi zimeanza kufika vijijini, na Singida mjini kulikuwa na vyumba viwili vya intaneti. Katika kimojawapo nilisoma habari za tovuti ya nje ambako msanii asiye na kampuni angeweza kufungua ukurasa wake bure, akaweka wimbo, na watu wakausikiliza na kuandika maoni chini yake. Kuupakia kulichukua Jumamosi tatu. Ya kwanza umeme ulikatika. Ya pili laini ilianguka ikiwa imebaki sehemu ndogo. Ya tatu nilikuja na wimbo niliokuwa nimeupunguza ukubwa kwa nusu, ukapita. Tovuti ilitaka tuchague aina ya muziki katika orodha ndefu, na yetu haikuwemo. Nilichagua "muziki wa dunia".

"Dunia ipi?" mdogo wangu aliuliza nilipomweleza.

"Ndivyo wanavyoita wao."

"Kwa hiyo wao wenyewe wanaimbia wapi, mbinguni?"

Baada ya hapo nilijiwekea utaratibu. Jumamosi mashine ilikuwa inasimama mchana, napanda gari la mjini. Naandika barua pepe tano, si zaidi: kwa watangazaji, kwa watu wenye blogu, kwa vyama vya Watanzania walio nje. Kila barua ilikuwa na aya nne: sisi ni nani, wimbo unasema nini, unapatikana wapi, asante. Sikumtumia mtu barua niliyokwisha kumwandikia mwingine. Anwani ya ukurasa niliiandika pia kwenye vipande vya karatasi, nikawapa wachuuzi wa vitunguu na wanafunzi waliokuwa wanarudi vyuoni. Mwishoni nilikuwa nafungua daftari na kuandika tarehe na idadi ya waliosikiliza.

Mama mwenye chumba kile cha intaneti alinizoea.

"Mzee wa daftari, leo unamwandikia nani?"

"Mtangazaji wa Arusha."

"Atakujibu?"

"Sijui."

"Si bora umwandikie Rais. Naye hatakujibu, lakini angalau utakuwa umenyimwa na mkubwa."

Watangazaji hawakujibu. Watu wa kawaida ndio waliokuja, mmoja mmoja, kwa njia ambazo sikuzifahamu. Nesi wa Mwanza aliyezaliwa kwetu. Mwanafunzi aliyekuwa Urusi. Mtu wa Omani ambaye hakuwa anaandika neno, anaweka alama za kicheko tu, kila wiki. Mdogo wangu alifurahi mwanzoni, kisha akazoea, akarudi kwenye shughuli zake. Aliyekuwa anangoja habari hizo ni mama yetu. Hakuwa anajua kusoma. Jumapili akishatoka ibadani alikuwa anakaa kwenye kigoda na kuniuliza, "Haya, nani kamsalimia mwanangu wiki hii?" Maoni yale yeye aliyaita salamu. Nilikuwa nayasoma mjini mara mbili tatu, nayashika kichwani, namwambia. Kwenye daftari sikuyaandika. Daftari lilikuwa la namba.

Siku moja aliuliza huko wimbo unapigwa saa ngapi.

"Saa yoyote, mama. Mtu akitaka, anabonyeza."

"Na wewe usipokuwepo?"

"Hata nisipokuwepo."

"Sasa nani anauwasha?"

"Hauwashwi. Upo tu."

Nilijivunia jibu hilo, kwa kuwa lilikuwa fupi na lilikuwa sahihi.

Mdogo wangu alifariki mwezi wa sita, katikati ya mavuno ya alizeti, baada ya kuumwa tumbo siku sita. Vipimo vya kaburi navikumbuka, kwa sababu nilivisimamia mimi. Nani alinishika mkono sikumbuki. Nakumbuka idadi ya viti tulivyoazima na nyumba vilikotoka. Baadhi ya ndugu walisema nina moyo mgumu, wengine wakasema nina subira. Sikuwa na hiki wala kile. Nilikuwa kama mtu aliyeingiwa na maji sikioni: nilisikia kila kitu, lakini kwa mbali, na sikuwa na haraka ya kuyatoa.

Kwetu nyumba yenye msiba haipigi muziki mpaka arobaini ipite. Redio ya mama ilifunikwa kwa kitambaa. Majirani walipunguza zao bila kuambiwa. Siku ya tano baada ya maziko mama aliniita ndani, alikokuwa amekaa na shangazi yangu, dada wa marehemu baba.

"Redio mmezima?"

"Tumezima, mama."

"Na ya pale mashineni?"

"Imezimwa."

"Na ile yako? Ya kwenye kompyuta?"

Niliketi kwenye kizingiti.

"Ulisema hauwashwi, upo tu. Sasa hivi anaimba?"

"Inawezekana. Kama kuna mtu amebonyeza."

"Waache, wifi," shangazi alisema. "Watu wa huko hawajui kama kuna msiba."

"Mimi najua," mama alisema. "Hapa hata kinu hakitwangi, yeye huko anaimba yule mwanamke aliyeacha mume, na watu wanacheka." Alisema polepole, bila kupandisha sauti. Kisha akaniambia, "Baba, kamzime."

Nilikwenda mjini kesho yake. Mama wa intaneti alinipa pole, akanipa kompyuta ya pembeni. Kwenye ukurasa kulikuwa na maoni mapya mawili. Moja liliuliza wimbo wa pili utatoka lini.

Kulikuwa na vitufe viwili. Kimoja kilikuwa cha kuficha: wimbo unaondoka machoni pa watu, lakini unabaki mahali pake na kila kilichoandikwa chini yake, na ukitaka unaurudisha. Cha pili kilikuwa cha kufuta. Tofauti yake niliijua, maelezo ya tovuti nilikuwa nimeyasoma yote. Nilipiga hesabu hivi: nikiuficha, mama ataniuliza kama umezimika kabisa, na nitalazimika kumweleza kwamba upo ila hauonekani, naye atasema basi bado anaimba, amefunikwa tu. Nilitaka niweze kumjibu kwa neno moja. Wimbo wenyewe nilikuwa nao nyumbani kwenye diski mbili. Nikabonyeza cha kufuta. Tovuti ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo. Ukurasa ukabaki mweupe. Kwenye daftari niliandika tarehe na namba ya mwisho, nikapiga mstari.

"Umezimika?" mama aliuliza.

"Umezimika."

"Kabisa?"

"Kabisa."

Alijinyoosha kwenye mkeka akalala usingizi wa mchana, wa kwanza tangu tuzike. Nilikaa mlangoni nikimtazama, nikaona nimefanya jambo sahihi.

Arobaini ikapita kama siku zinavyopita. Asubuhi iliyofuata mama aliondoa kitambaa kwenye redio kwa mkono wake mwenyewe, akakikunja.

"Sasa kamwashe," aliniambia. "Uniletee na salamu. Zitakuwa zimejaa."

Nilipanda gari la mjini na diski mfukoni. Wimbo ulipita mara ya kwanza, laini zilikuwa zimeboreshwa. Namba ilisoma sifuri. Chini yake hapakuwa na kitu. Nilikuwa najua kwamba itakuwa hivyo, lakini nilikaa saa nzima nikitazama, kama mtu aliyefika mapema mahali. Wale watu walikuwa wanaandika kwa majina ya kubuni. Hakuna hata mmoja niliyekuwa na anwani yake.

Mama alikuwa anachambua choroko kwenye ungo niliporudi. Nilimwamkia, akaitika, akangoja.

"Hakuna salamu, mama."

"Hata nesi wa Mwanza?"

"Hata yeye. Siku ile nilipouzima nilifuta na salamu zote. Watu wale hawapo tena pale, na sijui niwapate wapi."

"Ungeweza kuzima bila kuwafuta?"

"Ningeweza."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Aliendelea kuchambua. Nilingoja anigombeze, na ningependa angefanya hivyo. Baada ya muda aliuliza, "Wao walijua kwamba amekufa?"

"Hapana."

"Hata mmoja?"

"Hatukuwaandikia."

Hapo aliweka ungo chini. Jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa, kwake ndilo lililokuwa zito. "Watu wamemsalimia mwanangu miaka miwili," alisema. "Wamekuja wamekuta mlango umefungwa, hata jirani wa kuwaambia hakuna." Kisha akasema, "Leta daftari."

Alinitajia tangazo la kifo kwa namna matangazo hayo yanavyosomwa redioni, maana hayo ndiyo aliyoyajua. Familia ya huku Mtinko inasikitika kutangaza kifo cha kijana wao. Mazishi yamekwisha kufanyika. Habari zimfikie nesi aliye Mwanza, aliyesema wimbo umemkumbusha foleni aliyokuwa anatumwa na bibi yake. Zimfikie mwanafunzi aliye Urusi, aliyesema amewafundisha wenzake kiitikio na wanakikosea. Zimfikie yule wa Omani mwenye kucheka. Akaendelea. Alitaja watu kumi na mmoja, kila mmoja na mahali alipo na alichosema. Mimi, niliyeyasoma kwa macho yangu, nilikuwa nakumbuka sita. Mahali pamoja nilimsahihisha, nikasema mwanamke aliyemtaja alikuwa wa Kahama. Alisema hapana, wa Kahama ni mume wake, yeye yuko Tabora. Nilifikiri, nikaona ni kweli.

Niliandika yote. Mwandiko ulinyooka, na niliona kwamba umenyooka.

Jumamosi nililiweka tangazo chini ya wimbo kama alivyolitaja, bila kupunguza. Mama wa intaneti alilisoma akiwa amesimama nyuma yangu. Hakutania. Aliuliza kama wataliona.

"Sijui," nilisema.

Tukaendelea na Jumapili zetu. "Wamejibu?" "Bado, mama." Namba ilipanda hadi tano, ikasimama, ikapanda hadi tisa. Katika hizo tisa, nne zilikuwa zangu, za kuhakikisha kwamba wimbo unalia. Barua tano za kila wiki sikuziandika tena. Nilikuwa nafungua ukurasa, natazama, nafunga. Mavuno yakaisha, mashine ikapunguziwa siku.

Mvua za kwanza zilipoanza ndipo lilipotokea oni moja. Lilikuwa la Kiingereza, la mtu ambaye hakusema yuko wapi. Aliandika kwamba ameusikiliza mara nyingi, akauliza hiyo ni lugha gani. Nililisoma mara tatu ili nimfikishie mama lilivyo, na safari hii nililiandika pia.

Mama alinisikiliza hadi mwisho.

"Huyu hakuwemo," alisema.

"Hakuwemo."

"Habari hajui."

"Hajui, mama. Kiswahili hasomi."

Alifikiri kidogo. "Mwambie lugha," alisema. "Ya msiba utamwambia akirudi."

Jumamosi iliyofuata nilimjibu kwa mistari miwili: lugha inaitwaje, na inazungumzwa wapi. Kwa wiki kadhaa nilikwenda kutazama kama amerudi.