Fahali wa Ogutu Bondeni Lambwe

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa panga, shoka na onyo. Nyapara alisema, "Mwita, wewe Mkuria, hapa adui si mtu. Ni mbung'o." Ndiye inzi anayeleta malale kwa binadamu na kuua ng'ombe. Hupenda kivuli, kwa hiyo tulifyeka vichaka vya Bonde la Lambwe akose pa kujificha. Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru ungali mbichi, nami nilijiona askari kamili.

Ila kichaka kina kiburi. Mvua ikinyesha visiki huchipua, na pasipo watu wa kulima na kuchunga, jasho lote linapotea. Zamani wenyeji walichoma nyasi na kulisha mifugo humo, pori likakaa mbali. Malale yalipozuka, wakubwa wa kikoloni waliwahamisha, na pori likarudi. Sasa serikali mpya ilitaka watu warudi, ikagawa mashamba kwa kura.

Mwenzangu kazini, Ochola, alipata shamba lakini hakujenga. Afisa wa Makazi, mtu wa haraka zake, akamwita.

"Ochola, mvua ikifika hujajenga, hiyo shamba napatia mtu mwingine."

"Bwana Afisa, ndugu yangu mkubwa bado hajajenga boma yake. Nikimtangulia, hiyo ni chira, mkosi wa kuvunja mila. Itamaliza watoto wangu."

Afisa alivuta pumzi. "Basi mlete. Shamba iliyopakana na yako, mwenyewe alirudisha. Atachukua hiyo."

Tukamwendea kaka mtu, Ogutu. Ng'ombe wake walikuwa wamekufa ukingoni mwa bonde hilo hilo, akabaki na fahali mmoja.

"Ochola, unataka nirudie kifo?"

Nikamweleza doria yetu: ng'ombe hutembezwa njiani, na mtu wa nyuma hunasa kwa wavu kila mbung'o anayetua juu ya ng'ombe. "Njoo uone, jaduong', mzee wetu. Tutatumia ng'ombe ya serikali."

"Ya serikali ikikufa, nani atalia? Natembeza yangu. Akiumwa, Mwita, usiwahi kanyaga hapa tena."

Tulitembea jua likiwaka, nami nyuma na wavu. Hata nzi wa kawaida alinitoa jasho. Katikati ya bonde Ogutu alisimama penye mabaki ya ua wa minyaa na jiwe la kusagia.

"Hapa ni kwa babu," akasema, akainama kuligusa jiwe. Ochola alifuta macho. Mimi pia.

Wavu ulirudi mtupu. Ogutu alimkagua fahali wake kila upande, hakuniamini hata kidogo, kisha akamgeukia mdogo wake: "Tafuta jogoo."

Kabla ya mvua Ogutu aliingia shambani na shoka, mwanawe wa kwanza akiwa na jogoo, mkewe akibeba moto, kama mila ilivyotaka. Ochola akajenga baada yake. Nililia kwa furaha, na sioni haya kusema.

Baadaye nilihamishiwa Migori, nikawa nyapara, nikawapigia vijana kelele mpaka nikastaafu. Ndipo nikarudi Lambwe kujivunia kazi yangu. Nilitafuta hata kisiki kimoja nimwonyeshe Ogutu. Palikuwa na mahindi, ng'ombe na nyua za watu.

Mzee alinicheka. "Omera, ndugu yangu, wewe ulikata tu. Sisi tulikaa."

Nilipokea uji, nikakaa pamoja nao.