Mzinga Uliofyatua Halua

Marhoon alisoma mita za maji Maskati kwa miaka thelathini na moja, nyumba kwa nyumba, toka Matrah mpaka Rusayl, na miaka yote hiyo watu hawakumwuliza neno zaidi ya "Mbona nyingi hivi?" Alipostaafu akakaa nyumbani siku tisa. Siku ya kumi mkewe, Bakhita, alimkuta anampangia upya makopo ya bizari kwa urefu. Akampa kigoda na chupa ya kahawa, akamwonyesha mlango.

Kigoda akakiweka kando ya mzinga wa kale uliolala kwenye njia ya kwendea hekalu la Wahindi. Watu hupita pale kutwa, wenye mashada ya maua wakielekea hekaluni, watalii na kofia zao, na kila aliyesimama kutazama alipewa hadithi, atake asitake.

"Maadui walikuja na merikebu saba. Makombora yakatuishia! Bibi yake bibi yangu alikuwa uani anapika halua. Akasema, leteni sufuria! Wakaishindilia humu, yamoto yamoto. Pu! Ndevu za maadui zikagandana wawili wawili. Wakarudi kwao wametazamana."

Mtunza hekalu aliisikia mara nyingi hata ikawa ile "Pu!" anaitoa yeye, kutoka langoni kwake.

Mwezi wa Februari akaja Jawaher, binti wa ofisi moja ya serikali iliyotaka kuweka kibao cha maelezo pale. Mama yake mzaliwa wa Unguja, kwa hiyo Kiswahili kilikuwa chake.

"Ami, nimeambiwa habari za mzinga huu unazo wewe. Lakini nnataka ushahidi."

Ushahidi! Marhoon alikohoa, akautazama mzinga, na ulimi ukamponza.

"Umo ndani. Halua imeganda mle mpaka leo. Nnakutolea sasa hivi."

Akapandisha mkono wa kanzu, akauingiza mkono mpaka begani, akapapasa. Kweli akagusa kitu kinanata. Akakifumbata, akavuta. Mkono haukutoka.

"Ami, kiachie hicho ulichokishika."

"Siachii! Ndio ushahidi wenyewe!"

Kuja kukubali kukiachia, mkono umeshavimba. Watu wakajaa. Mtunza hekalu akaja mbio na kopo la samli ya taa za hekaluni, na Bakhita, aliyepigiwa simu, akafika kavaa baibui nje ndani. Akalipokea lile kopo, akalishika juu ya mkono wa mumewe, asimimine.

"Kwanza mwambie mtoto wa watu kweli. Halua ilikuwa ya nani?"

"Ya bibi yake bibi yangu."

"Yule aliyekuwa akiunguza maji? Nnakuuliza tena."

"Bakhita, mkono unakufa ganzi!"

"Nami miguu yauma. Kwetu Wete, Pemba, ndiko halua inakopikwa. Sema."

Marhoon akamtazama mtunza hekalu. Mtunza hekalu akatazama mbinguni.

"Ya Wete," akanong'ona.

"Mtoto wa watu hakusikia."

"YA WETE!"

Samli ikamiminwa. Mkono ukachomoka ghafla, Marhoon akamwangukia mtunza hekalu, wote wawili chini. Kwenye vidole vya Marhoon lilikuwa limenata donge jeusi. Jawaher akainama, akalinusa.

"Pipi ya embe," akasema. "Na karatasi yake hii hapa."

"Basi maadui walikuja na watoto," akasema Marhoon, bado kalala.

Siku nne mkono ule ulinuka samli, na paka wa Matrah walimfuata mpaka mlango wa msikiti. Bakhita hakumwonea huruma. Alipika sufuria nzima ya halua, akampelekea Jawaher bakuli ofisini, na mtunza hekalu bakuli kubwa zaidi.

Kibao kilikuja baada ya miezi miwili, kifupi mno: "Mzinga wa kale. Umri haujulikani. Tafadhali usitie mkono."

Marhoon alikisoma mara tatu. Kisha akawapigia simu nduguze wote wanaokaa Hail, mmoja mmoja, kuwaambia kwamba serikali imeandika habari zake.