Sita Sifuri, Sita Moja

Nikisikia harufu ya vumbi la matofali lililomwagiwa maji, miguu yangu inakataa kutulia. Ndiyo harufu aliyorudi nayo dada yangu Zaina kila jioni kutoka uwanja wa tenisi, soksi nyekundu hadi vifundoni, na mama akizifua ananung'unika kwamba amezaa mchimba udongo.

Tulikaa mtaa wa Nyakabiga, wakati wa vita. Jumamosi moja asubuhi Zaina alibeba raketi yake kwenda kwenye mashindano ya wanawake, yale ya mmoja kwa mmoja, ya wachezaji wa kulipwa. Hajafika mbali, risasi zikalia upande ule ule aliokwenda. Wanajeshi wakafunga mtaa: hakuna kutoka, hakuna kuingia.

Mi nilikwenda mlangoni, nikarudi, nikaenda tena. Simu hatukuwa nayo. Ilibaki redio, na betri zake zimekufa. Nikazianika juani juu ya bati. Ninyi wa siku hizi hamjui, betri ikiota jua inapata roho kidogo.

Jumapili mchana majirani walijaa uani. Redioni kwanza yalisomwa matangazo ya vifo. Mama alikuwa ameng'ata kanga. Jina la Zaina halikutajwa, lakini maiti asiyejulikana atatangazwa na nani? Ikaja michezo, na sauti ya redio inazidi kufifia. Jirani yetu Mama Shabani akaninong'oneza:

"We mutoto, omba wasiseme forfe. Forfe ni mutu hakutokea uwanjani."

Mi nikaomba dada ashinde. Ujinga huo!

Msomaji akasema Zaina kapigwa na mgeni kutoka Kenya, sita sifuri, sita moja.

Mama akapiga vigelegele hadi kanga ikamdondoka.

"Mama Zaina, mutoto kapigwa kama ngoma, we unashangilia!" Mama Shabani alicheka huku machozi yanamtoka.

"Sita moja! Mumesikia? Alhamdulillahi, sita moja!"

"Apana, mama, ameshindwa!" nikalia. Nikajificha nyuma ya jiko kwa aibu, na Jumanne, mtaa ulipofunguliwa na Zaina akarudi, nilimnunia siku nzima. Mama alimpikia kuku, mi nikaona anazawadia uvivu.

Shule niliishia la tatu, hesabu zangu ni za kubahatisha. Ile ya mama ilinichukua miaka, mpaka na mi nikawa na watoto wa kungojea warudi kutoka barabarani. Mi nilihesabu kumi na mbili za yule mgeni. Mama alihesabu ile moja ya mwanawe, kwa sababu ile moja maiti haipati.