Sekela Akosa la Kumlilia Mumewe

Katika vilima vya Mbebe, enzi zile Mwingereza anakusanya kodi ya kichwa, mtu hakuhesabiwa kuwa amekufa vizuri mpaka Sekela amlilie. Jeneza lingeweza kuwa mkeka tu, na kaburi likawa fupi, watu wakavumilia. Lakini Sekela asipokuwapo, walirudi makwao wakinung'unika kama waliolishwa ugali bila mboga.

Kazi yake ilikuwa kuomboleza, na kuomboleza kwake kulikuwa kusifu. Alipokufa Kasiani, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumpa jirani hata punje ya chumvi, Sekela alimwita mtunzaji, mtu aliyejua kwamba kesho ipo. Majirani waliokwisha kufukuzwa mlangoni kwa Kasiani na vibakuli vyao mkononi walilia mpaka wakashikwa na kwikwi. Mlevi mmoja aliyetumbukia mtoni akitoka kwenye pombe, Sekela alimsifu kwamba aliyapenda mno maji ya nchi yake, na ndugu zake wakamkatia Sekela kipande kizuri cha paja la ng'ombe. Hata Mzee Efraimu wa kanisa, aliyehubiri kila Jumapili kwamba Mkristo haombolezi kama wapagani, mama yake alipozidiwa alituma mtu kuuliza kama Sekela ana nafasi wiki ile.

Kisha akafa Jonasi, mume wake mwenyewe, kwa homa ya mapafu.

Watu walikuja kutoka mbali. Wengine hawakumjua Jonasi hata kwa sura, walikuja kusikiliza. Waliambiana kwamba, kama watu baki huliliwa vile, mume wa ndani je? Sekela akakaa mkekani, akafumbua kinywa, na hakuna kilichotoka. Wakamzika Jonasi kimyakimya, kama wanaofukia viazi.

Aliyeona aibu kuliko wote ni Watson, mdogo wake Jonasi. Huyu alikuwa amerudi kutoka migodi ya shaba ya Rodesia ya Kaskazini na kofia, koti zito asilolivua hata jua liwake vipi, na mazoea ya kuamrisha. Akatangaza mbele ya ukoo: siku ya kuanua matanga, ng'ombe akichinjwa, Sekela amlilie kaka yake kama alivyowalilia wengine. Akishindwa, basi ni mjane asiye na uchungu, na mjane asiye na uchungu ana jambo analoficha. Atarudishwa kwao, nyumba na migomba vibaki kwa ukoo. Ukoo, maana yake Watson.

"Shemeji, sikuonei," alimwambia. "Umewasifu hata wezi. Kaka yangu alikukosea nini?"

Sekela akachukua jembe, akaelekea kwenye migomba.

Basi waganga wakajitokeza. Mzee Efraimu alisema ni dhambi isiyoungamwa, akavuta kigoda aisubiri, na alionekana ana hamu kubwa ya kuijua. Mwenye mizizi alisema koo limefungwa na mtu mwenye wivu, akamnywesha kitu kichungu ambacho kilifungua tumbo badala ya koo. Roda, mke wa Watson, alisema huenda ni njaa tu, akamletea uji. Huyo peke yake ndiye aliyesaidia, maana uji wenyewe ulikuwa mtamu. Kila mmoja alikuwa na sababu yake kwa nini maneno hayaji, na hakuna aliyemwuliza Sekela.

Naye Sekela, akipalilia migomba ambayo huenda isiwe yake tena, alikuwa akijaribu. "Jonasi mchapakazi," alianza, akakumbuka jembe la Jonasi ambalo mpini wake ulikuwa bado na gome la mti. "Jonasi jasiri," akamwona juu ya mti siku ile nguruwe pori alipoingia shambani, yeye mkewe akiwa chini. "Jonasi mkweli." Hapo alijifunika uso kwa kaniki. Watu baki aliwajua kidogo, ndiyo maana sifa zao zilimtoka kirahisi. Kwa Jonasi, kila sifa ilikuta ushahidi umekaa unaisubiri.

Na kulikuwa na jingine lililomuuma zaidi. Kila walipotoka msibani, wakirudi kwa njia ya mlimani, Jonasi amebeba nyama, alingoja kwanza wavuke kilima watu wasisikie. Kisha akasema, kama siku ile ya Kasiani, "Mtunzaji! Eti Kasiani mtunzaji! Sekela, Mungu anakusikia." Akacheka mpaka akaketi kwenye nyasi, nyama magotini. Miaka yote ile Sekela alidhani anawatungia wafu, kumbe alikuwa akimtungia Jonasi, ili acheke njiani. Sasa atunge kwa ajili ya nani?

Siku ya kuanua matanga uwanja ulijaa. Sekela akasimamishwa katikati. Watson, koti limefungwa vifungo vyote, akamnong'oneza kwa sauti iliyosikika uwanja mzima, "Anza na simba. Sema alikuwa simba."

"Jonasi," Sekela akaimba, "simba wa Mbebe..."

Akacheka.

Hakukusudia. Kicheko kilimponyoka, mjane aliyenyolewa kichwa, mbele ya ukoo wa mumewe. Mzee Efraimu akafumba macho. Watson akapiga hatua mbele. Ndipo kicheko kikamgeukia Sekela kooni kikawa kilio, na kilio kikaja na maneno.

"Jonasi, mvivu wangu! Ulilima nusu tuta ukasema mgongo! Nguruwe alipokuja ulipanda mtini, ukaniambia nisiogope! Mwongo wangu, uliyekohoa kwanza kabla ya kila uongo ili nijiandae! Nimewasifu watu nchi nzima, Jonasi, na wewe peke yako ulijua. Leo nikitoka hapa, nani atanicheka njiani?"

Wanawake wakaangua kilio, na safari hii hakuna aliyemtazama mwenzake kuona kama naye analia. Kila mjane pale uwanjani alimkumbuka mvivu wake. Watson mwenyewe alilia mpaka akafungua vifungo vya koti. Habari ya kumrudisha Sekela kwao haikutajwa tena. Nani angeanza kuitaja mbele ya wanawake wale?

Jioni, nyama ikigawanywa, Watson alimfuata Sekela jikoni, kofia mkononi.

"Ndaga, shemeji, asante sana. Umemlilia vizuri kaka." Akasita. "Ila yale ya uvivu, na uongo... Mimi nikifa, utaniimbia vilevile?"

Sekela alimtazama toka utosini hadi viatuni.

"Wewe, shemeji? Wasiwasi wa nini? Wewe nitakusifu tu."

Watson akashukuru kwa moyo mweupe, akarudi uwanjani kuwaeleza wenzake. Roda, aliyekuwa akikoroga chungu palepale, aliacha mwiko, akajiziba mdomo kwa upindo wa nguo, mabega yakimtikisika kwa kicheko.