Bastola ya Mti, Ghorofa ya Kumi na Saba

Kabla ya kufika Guangzhou nilikuwa mlinzi wa tajiri mmoja wa dhahabu jijini Dar es Salaam. Miaka sita nilitembea hatua mbili nyuma yake, bastola kiunoni upande wa kulia, shati nimelitoa nje ya suruali ili isionekane. Aliyenifundisha kazi ile alikuwa mwanajeshi mstaafu. Alibandika sahani ya karatasi kwenye tuta la mchanga, hatua saba mbele yangu, akaniambia nipandishe shati kwa mkono wa kushoto, nichomoe kwa wa kulia, na niitoboe ile sahani kabla hajapiga makofi matatu. Niliweza. Kwa sahani nilikuwa hodari sana.

Halafu mchana mmoja watu wawili waliingia ofisini kwa tajiri wakijifanya wateja. Mmoja alipotoa bastola, mkono wangu uliishia kwenye shati. Walimpiga tajiri risasi ya paja, wakachukua walichokifuata, wakaondoka. Kila aliyeniuliza nilimwambia shati lilinasa. Tajiri alipona, akabaki anachechemea, wala hakunifukuza. Aliacha dhahabu, akaingia kwenye nguo, na safari yake ya pili ya Uchina akanichukua nimsaidie mizigo. Bastola tuliiacha kituo cha polisi nyumbani.

Wiki ya tatu mguu ulimzidi, akarudi Dar. Mimi niliachwa kusubiri shehena ya jinzi ambayo kiwanda kilikuwa kikiichelewesha, niione ikipakiwa kwenye kontena hadi ifike bandari ya Nansha. Viza yangu ilikuwa inakaribia kwisha, kwa hiyo pasipoti niliipeleka ikaongezwe muda. Nilipewa risiti na kuambiwa wiki mbili. Wiki mbili zikawa tano. Mitaani kulikuwa na msako wa wageni, na wenzetu waliokamatwa na risiti tu walikuwa wakishinda kituoni. Basi nikajifungia ndani.

Chumba kilikuwa ghorofa ya kumi na saba, nyuma ya maduka ya jumla ya barabara ya Guangyuan Xilu. Dirisha lilitazama ukuta wa jengo jingine, karibu kiasi kwamba niliona kutu ya viyoyozi vyao. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua sita. Nilizihesabu mpaka nikazichukia. Niliishi na kijana wa Kizanzibari aliyekuwa akisomea uhandisi kwa ufadhili. Yeye alitoka asubuhi kwenda chuoni, akarudi jioni na mkate na habari za msako.

Siku moja mguu wa kiti ulivunjika. Niliuchukua, nikauchonga kwa kisu cha jikoni, nikatia skrubu ndani upate uzito, nikauzungushia utepe wa kufungia maboksi. Ulipokaa kiunoni mwili wangu uliutambua. Nikaanza mazoezi. Shati juu, chomoa, nyoosha, lenga swichi ya taa. Asubuhi mara mia, mchana mara mia. Simu ilinipimia muda. Ngozi ya kiuno ikachubuka, nikaibandika plasta nikaendelea. Nilijiambia kwamba nikirudi nyumbani nitakuwa mtu mwingine.

Mzanzibari alinikuta katikati ya mazoezi.

"Kaka, sasa hicho nini?"

"Mazoezi tu."

"Mazoezi! Nchi hii hata kisu cha jikoni ukinunua wanakutazama mara mbili."

Hata hivyo alikaa kitandani akawa ananipigia makofi, maana alikuwa mtu wa kupenda vipimo. Siku ya tatu akaniambia, "Mkono unafika, kaka. Kila siku unafika mapema zaidi. Lakini ukifika unafumba macho."

Nilimbishia. Akasema nijitazame kwenye kioo. Nilimjibu kwa hasira kwamba mtu aliyefumba macho hawezi kujitazama, naye akacheka, lakini mimi sikulala vizuri. Kwa sababu nilijua. Siku ile ofisini shati halikunasa popote. Niliona tundu la ile bastola, nikafumba macho, na nilipoyafumbua tajiri alikuwa chini.

Siku iliyofuata kiwanda kilipiga simu: mzigo tayari, njoo uukague. Ilibidi nitoke. Mti niliuacha chini ya mto. Risiti ya pasipoti niliitia kwenye kipochi cha kiunoni, ndani ya shati, upande wa kulia. Hata sikufikiri.

Guangyuan Xilu ilikuwa imejaa kama kawaida, wapagazi wakivuta mikokoteni ya marobota na kupiga kelele tuwapishe. Sijafika kituo cha basi, mtu akanigusa bega kwa nyuma. "Huzhao!" Pasipoti.

Mkono wa kushoto ulipandisha shati. Wa kulia ukaingia, ukatoka, ukanyooka. Sijawahi kuwa na kasi ile, si mbele ya mwalimu wangu, si chumbani. Mbele yangu alikuwa polisi kijana sana, amerudi nyuma hadi kwenye mkokoteni, uso umempauka kwa hofu. Mwenzake akanirukia. Nikajikuta kifudifudi juu ya robota, mkono umekunjwa mgongoni, na vidoleni nimeshika karatasi.

Kituoni walinikalisha kwenye benchi. Walipogundua ni risiti tu walipoa, lakini wakataka kuona ninapolala. Hapo ndipo nilipoukumbuka mti chini ya mto. Niliruhusiwa kumpigia Mzanzibari aje kutafsiri.

"Njoo," nikamwambia. "Wanataka kuja chumbani."

"Chumbani?"

"Ndiyo."

"Haya."

Alikawia. Alipofika aliongea nao kwa upole, akicheka wanapocheka, nami namtazama mikono tu, nipate ishara. Tukapanda lifti wote wanne. Yule polisi kijana aliinua godoro, akainua mto. Chini yake palikuwa na daftari la hesabu. Alilipekua, akasema kitu, Mzanzibari akajibu, wakaondoka.

Mlango ulipofungwa Mzanzibari aliketi sakafuni.

"Mti nimeuvunja nikautupa jaani huko masokoni. Kaka, mimi nimebakisha mwaka mmoja. Wangenirudisha kwetu kwa mguu wa kiti!"

Nilimwomba radhi, zaidi ya mara moja. Baada ya muda akaniuliza, "Na leo ulifumba macho?"

"Hapana. Nilimwona vizuri. Hata chunusi za kidevuni nilizihesabu."

"Basi ashukuriwe Mungu ilikuwa karatasi."

Yule polisi aliniomba hati tu, kazi aliyotumwa, na mkono wangu ulikuwa umekwisha kumlenga katikati ya kifua. Mwenye bastola nilimwogopa. Huyu asiye na lolote mkononi nilimwahi.

Siku zilizobaki zilikuwa ngumu kuliko zile za mwanzo. Sikuwa na cha kushika. Nilikaa juu ya mikono yangu, kweli kabisa, huku nikitazama ule ukuta. Pasipoti ilitoka wiki ya saba. Kontena likafungwa mbele ya macho yangu, na kesho yake nikapanda ndege.

Nilimkuta tajiri dukani Kariakoo akikunja jinzi. Nilimwambia nikiwa bado nimesimama, kabla woga haujanirudia.

"Siku ile shati halikunasa. Niliogopa, nikafumba macho."

Aliendelea kukunja. "Na mimi nilifumba," akasema. "Hebu nishikie upande huo."

Tulikunja pamoja mpaka adhuhuri. Wiki hiyo niliirudisha leseni ya silaha, naye akanipa kazi ya ghalani. Mkono wenyewe haukuacha upesi. Sokoni mtu akinigusa bega uliruka kwenda kiunoni, nami nikajifanya najikuna. Mke wangu ndiye aliyegundua kwamba umeacha. Alinipamia jikoni, akasimama kuusubiri mkono uruke, nami niliendelea kumenya viazi.