Si Kitabu Kilichomtoa Dada Kanisani

Mwaka ule nilikwenda Magongo kwenye arusi ya mjukuu wa jirani yetu wa zamani, nikakaa chini ya turubai na watu nisiowajua. Kando yangu kijana mmoja mhubiri alikuwa akiwaeleza wenziwe kwamba mtu akisoma sana hakai kanisani. Akili ikizidi, alisema, imani huondoka. Akatoa mfano wa binti mmoja wa Changamwe ya zamani, mtoto wa mwinjilisti, aliyewashinda wavulana wote darasani, akapelekwa shule ya bara, na aliporudi hakukanyaga tena kanisani. Alikuwa akimsema dada yangu. Hakujua mimi ni nani, nami sikumwambia. Nilibaki na sahani ya pilau mapajani, hamu ya kula imenitoka.

Wewe nitakueleza, maana tumejuana siku nyingi.

Changamwe ya utoto wetu, miaka ile ya vita vikuu vya pili, ilikuwa mashamba. Mihogo, mikorosho, njia za mchanga, na reli ikipita kwa chini. Ndege za askari zilishuka Port Reitz kwa kishindo hata kuku wakakimbilia jikoni. Sukari ilikuwa ya foleni, lakini mbaazi za nazi hazikutuishia, na mchunga, ile mboga chungu, ulijiotea wenyewe nyuma ya nyumba. Nyanya alitufundisha kuuchemsha na kumwaga maji ya kwanza ili uchungu upungue.

Baba alikuwa mwinjilisti. Kanisa letu lilikuwa la udongo na makuti, na kengele yake kipande cha chuma cha reli kilichotundikwa mtini, kikigongwa kwa nyundo. Kila Jumamosi mimi na dada tulikwenda kufagia, tukinyunyiza maji kwanza ili vumbi litulie. Dada alifagia akiimba. Nyimbo zote alizijua bila kutazama kitabu. Usidhani alilazimishwa, alipenda. Mwalimu wetu wa shule ya kanisa alimwazima vitabu vyake mwenyewe, na dada alivisoma jikoni, amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi, kitabu kimeegemezwa kwenye chungu. Mafundisho ya kanisa aliyasoma mpaka akawa anamkumbusha baba pale alipokosea. Baba hakuchukia. Alicheka, akasema nyumba yake imepata askofu.

Basi masika moja mama alijifungua mtoto wa kiume kabla ya siku zake. Nyanya ndiye aliyemzalisha. Mtoto alikuwa mdogo mno, na pumzi yake ilikuja kwa taabu, ikikatika, ikirudi. Baba alimtuma mtu wa baiskeli kisiwani akamwite pasta aje kumbatiza. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri na njia yote ilikuwa tope. Tukangoja.

Nilikuwa nimechutama karibu na jiko la makaa, nikikausha leso za mama, dada alipoingia na bakuli la maji. Alimwendea baba, akapiga goti kama tulivyofunzwa.

“Baba, mbatize wewe. Imeandikwa kwamba mtoto akiwa hatarini, Mkristo yeyote anaweza.”

Baba akamwambia kwamba hakupewa kazi hiyo, na kwamba pasta yuko njiani.

“Hatawahi, baba. Kama wewe huwezi, niruhusu mimi.”

“Mimi ni mtu niliye chini ya amri, mwanangu. Tungoje.”

Akalichukua lile bakuli mikononi mwake, si kwa ukali, akaliweka juu ya kabati. Siku zile mtoto hakubishana na babake. Dada alibaki amepiga goti palepale, akimtazama nyanya, na nyanya akimtazama mtoto.

Mtoto alikata roho kabla ya alasiri. Pasta alifika kesho yake, matope yamemfika magotini. Alisikitika kwa kweli, sitamsingizia. Lakini alimwuliza baba kama mtoto alibatizwa, na baba akasema hapana, na wazee wa kanisa wakasema basi makaburini hawezi kuzikwa.

Nyanya alimfunga katika leso yake, akambeba mwenyewe. Tulimzika mwisho wa shamba, karibu na njia ya kuteremkia reli. Baba alisimama na kofia mkononi, hakuomba, maana hakujua kama anaruhusiwa. Dada akaanzisha wimbo. Aliimba mstari wa kwanza peke yake, akangoja kupokewa kama ilivyo desturi. Hatukumpokea. Sote tulimtazama baba, na baba aliinamisha kichwa. Sauti ya dada ikamkatikia pale pale.

Jioni jirani yetu, mama wa Kiislamu aliyekaa ng'ambo ya kisima, alimletea mama uji wa pilipili manga. Akamshika mkono, akamwambia, “Mtoto yule ni wa peponi, dada yangu. Hana kosa lolote.” Hapo ndipo mama alipolia.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kufagia kama kawaida. Nikamngoja dada aanze kuimba. Alifagia mpaka mlangoni, akakusanya taka, akazitupa, akaniambia twende nyumbani.

Aliendelea kuja ibadani kwa sababu alikaa katika nyumba ya baba. Alifaulu mtihani, akaenda shule ya wasichana bara, na aliporudi alikuwa na viatu miguuni na Kiingereza kinywani. Jumapili ya kwanza, baba akiwa amekwisha vaa kanzu yake, dada alimwambia kwa adabu kwamba hatafuatana naye tena. Baba akageuka mlangoni.

“Ni hivyo vitabu?”

“Hapana, baba.”

Hakumwuliza swali la pili. Nje watu walikuwa na jibu lao tayari. Walisema elimu imemharibu, akili zake zimempandisha juu ya Mungu. Rafiki zangu wawili niliokaa nao dawati moja walitolewa shule mwezi uleule, baba zao wakiogopa, na wote wawili waliozwa kabla hawajajua kuandika barua. Mimi niliponea kwa mwalimu, aliyekuja kwetu kunisemea. Mwalimu yule alikuwa amesoma kuliko mtu yeyote niliyemjua, na alikaa kanisani mpaka alipozikwa. Na nyanya, ambaye hakujua herufi hata moja, aliacha kanisa siku ya maziko yale na hakurudi. Yeye hakuna aliyemfanya mfano. Walisema amechoka miguu.

Miaka ikapita. Baba akaota mtoto wa jicho, macho yote mawili, akawa haoni kurasa. Dada alikuwa mwalimu wakati huo, na kila alasiri akitoka shule alipita nyumbani, akavua viatu, akamsomea baba Biblia. Alisoma polepole, kwa sauti safi, bila kuruka neno. Siku moja nilikuwa nikichambua mchele karibu yao, baba akainua mkono kumsimamisha.

“Yale maji yangetosha,” alisema.

Dada akakishusha kitabu mapajani. Mkono wangu nao ukasimama juu ya ungo.

“Yangetosha, baba.”

Baba akaitikia kwa kichwa. Baadaye akamwambia aendelee, na dada akautafuta mstari kwa kidole, akaendelea. Kama unangoja nikwambie alirudi kanisani, hakurudi. Lakini kusoma hakuacha mpaka baba alipofariki.

Kanisa lile siku hizi ni la mawe, na makaburi yake yana ukuta uliopakwa chokaa. Baba yumo, mama yumo. Shamba letu liliuzwa, barabara ikapanuliwa, kisha pakaletwa makontena, yakapangwa moja juu ya jingine mpaka reli isionekane. Mdogo wangu yuko humo mahali fulani. Nyanya alipajua, mama alipajua, na mimi niliyesahau, marehemu dada alinionyesha mara moja kwa kidole tukitoka kuteka maji, akasema ni pale, baada ya ule mkorosho wa pili. Nimekwenda kusimama kando ya barabara ile nikijaribu kukisia mikorosho ilikuwa wapi. Malori yalipita moja baada ya jingine, na kila nilipodhani nimepata, sikuwa na wa kumwuliza.